Jina Lililoitwa Msituni

Nikipita penye karakana ya seremala, mji wowote niliofikia, harufu ya mwerezi mbichi hunirudisha kwenye msitu ulioko juu ya kijiji chetu, Gendabi, wenye miti minene iliyoota ndevu za kijani.

Siku moja utotoni, mimi, mama na mdogo wangu tulikwenda kuokota kuni. Mama alitusimamisha ukingoni.

"Humu hatuitani majina. Wenye chemchemi, wale mizimu wa majini, wakilisikia jina, wataliita wao. Ukipotea, piga mluzi."

"Mimi nina mapengo, mama," mdogo wangu akasema. "Mluzi wangu ni upepo tu."

"Basi ushike kanga yangu."

Hakuishika muda mrefu. Nilipogeuka hakuwepo. Mimi na mama tulipiga mluzi mpaka midomo ikakauka, msitu kimya. Hofu ikanizidi, nikaliita jina lake kwa nguvu, mara mbili. Mama akaniziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Baadaye kidogo mdogo wangu akateremka kutoka juu, mikono imejaa matunda ya porini.

"Nimesikia ukiniita nikaja," akaniambia. "Ila mbona mmeniita na kule chini, penye maji?"

Mama akamshika mkono. Tulishuka, kuni tukaziacha palepale. Tangu siku ile mdogo wangu ukimwita haitiki, mpaka kwanza auone uso wako.