Mtumbwi Mtupu

Mwezi uliopita vijana wawili wa mradi wa uokoaji walileta ndege nyuki, ile ndogo isiyo na rubani, ufukweni Pasiansi, wawaonyeshe wavuvi jinsi inavyotafuta watu waliopotea ziwani. Mimi waliniweka mbele, kwenye kiti cha plastiki, kwa heshima ya mvi zangu. Kidude kikapaa juu ya mawe, kikaelekea maji mengi, na yule kijana aliyekiongoza akaniinamishia kioo chake nione. Hazikupita dakika nyingi tukaona mtumbwi ukielea peke yake, turubai la buluu limetandazwa katikati.

"Huu mtupu, mzee," akasema. "Umekatika kamba tu. Twende mbele."

"Si mtupu. Shusha."

"Mzee, hakuna mtu, si unaona mwenyewe?"

"Shusha, nimekwambia."

Nadhani nilimfokea, maana mwenzake aligeuka kunitazama. Akashusha. Kwenye pindo la turubai ukatokeza unyayo wa mtu, kisha ukavutwa ndani upesi. Wavuvi waliosimama nyuma yetu wakaangua kicheko. Walijua kwamba humo ndani mna nyavu haramu, na wenye nyavu wamedhani ni doria. Kijana akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba ni uzee tu. Huo ulikuwa uongo, na katika jambo hili haukuwa wa kwanza.

Miaka ya tisini, soko lilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa, viwanda vya samaki viliota pembeni mwa ziwa kama uyoga. Sangara alipasuliwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, tukayakaanga na kuyasifia. Mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, nacho kilinipatia kazi ya kusimama kwenye mizani ya kiwanda kimoja, nimevaa buti za mpira, nikipima samaki wa watu ambao hawakumaliza hata darasa la saba. Mmoja wa watu hao alikuwa mdogo wangu.

Kwetu tulizaliwa watoto watatu wa kiume, Wahaya wa Kagera tuliohamia Mwanza na wazazi. Mkubwa alikuwa karani wa serikali Bukoba. Mimi ni wa katikati. Wa mwisho aliacha shule akaenda kuvua, na baba alikufa akiwa bado hajamalizana naye kwa hilo. Lakini ni huyo mvuvi aliyemwezekea mama bati jipya kwenye nyumba yetu ya Kiseke. Ni yeye aliyemletea redio. Akija Jumapili na viatu vyake vinavyong'aa, mama alimwekea kiti karibu yake, na mimi msomi nikatumwa maji. Nilimwonea wivu. Wakati huo nilikuwa nauita hasira, lakini sasa nina umri wa kuliita jambo jina lake.

Alikuwa anatumia nyavu za macho madogo, zilizopigwa marufuku. Mabwana samaki, maofisa wa uvuvi wa serikali, wakizikamata walizichoma moto papo hapo mchangani, na mwenyewe akapelekwa ndani. Jumapili moja, akiwa anajitapa mbele ya mama jinsi alivyoikwepa boti ya doria, nilishindwa kuvumilia.

"Cheka tu," nikamwambia. "Siku hizi wanatumia ndege. Inapita juu, inapiga picha mtumbwi na sura zenu, mkirudi mnakuta polisi wamekaa wanawangoja. Nimeyasikia kiwandani kwa watu wakubwa."

Hakukuwa na ndege yoyote. Niliitunga hapo hapo, wali ukiwa bado mdomoni. Mdogo wangu akaacha kucheka. Aliniuliza wanapita saa ngapi, ni ndege ya rangi gani, nami nikamjibu yote: ndogo, nyeupe, mchana. Nilifurahi sana kuiona ile hofu. Chakula cha siku ile nilikisikia utamu mpaka kwenye kisogo. Mama alikuwa ametoka kufuata chumvi jikoni, hakuyasikia.

Wiki chache baadaye akaenda ziwani na watu wawili, mtumbwi mmoja, mashine mpya ya kusukumia mtumbwi aliyopewa na kiwanda chetu. Dhoruba ikapiga. Siku ya kwanza hawakurudi, ya pili hawakurudi. Siku ya tatu bosi wangu alikodi ndege ndogo ya kupeleka watalii mbugani. Usimsifu bado. Aliniita ofisini, akaniambia nipande nayo kwa sababu naujua mtumbwi ule, na alichoniagiza ni hiki: "Angalia kama mashine ipo. Mtumbwi bila mashine ni kuni, tusipoteze mafuta."

"Na watu, bosi?"

"Na watu pia," akasema, akirudi kwenye karatasi zake.

Ndege ilikuwa ndogo. Ilikuwa nyeupe. Ulikuwa mchana. Nilipanda nikafunga mkanda na wala sikuliwaza hilo, naapa. Niliwaza tu jinsi nitakavyomsimanga mdogo wangu tukimpata.

Tuliruka kutoka Ilemela, tukavuka visiwa, tukazunguka mpaka macho yakaniuma kwa mng'ao wa maji. Kisha nikauona. Mstari mwekundu ubavuni niliupaka mimi mwenyewe kwa rangi ya kiwandani. Nyuma, mahali pa mashine, palikuwa wazi. Katikati palikuwa na turubai tu, limetulia. Rubani, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alishuka mpaka nikaona mafundo ya kamba, akazunguka mara moja, mara ya pili.

"Watu?" akauliza.

Niliangalia. Nataka ieleweke kwamba niliangalia vizuri, sikusinzia wala sikugeuza uso.

"Hakuna," nikasema.

"Mashine?"

"Hakuna."

Akageuza ndege. Bosi aliposikia hakuna mashine, hakutuma hata boti ya kuuvuta ule mtumbwi. Mimi nikapanda Kiseke kumwambia mama kwamba nimeuona kwa macho yangu, ni mtupu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Ndipo akafungua kilemba akaanza kulia, maana hakuwa amelia bado. Alisema ukimlilia mtu ambaye yu hai unamwita kifo.

Siku tano baada ya hapo, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, aliingia mzee mmoja Mkerewe, midomo imepasuka, anatembea akishika ukuta. Alikuwa mmoja wa wale watatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, tukamkalisha uani na kumpa chai. Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, hatua tatu tu kutoka tulipokaa.

Mzee akasimulia. Mashine ilizima dhoruba ilipoanza, wakaing'oa wakailaza ndani, wakaifunika isiingie maji. Yule mwenzao wa tatu alitupwa na wimbi usiku ule ule. Wao wawili walikaa wakikumba maji kwa sufuria mpaka wakasikia ndege.

"Nilitaka kusimama nipunge shati," akasema. "Mwenzangu akanivuta mguu. Akasema, lala, mzee wangu, hiyo ni ya doria, inapiga picha, na nyavu tunazo. Nikamwambia, mwanangu, acha watufunge, jela kuna uji. Akanikandamiza chini ya turubai kwa mikono miwili. Ikazunguka juu yetu mara mbili. Nilimwambia pengine wanatutafuta. Akasema hapana, kaka yangu ameniambia, na kaka yangu ni msomi, hawezi kunidanganya."

Wanawake kwenye mkeka waliacha kulia, wakatega masikio.

"Jioni ile upepo ukarudi, mtumbwi ukajaa. Mimi nilishika dumu la petroli mpaka wavuvi wakaniokota kesho yake. Yeye sikumwona tena."

Alikunywa chai yake polepole, kwa sababu ya ile midomo. Halafu akaniangalia, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kuiweka habari yake sawa.

"Nasikia mko wawili mliosoma. Ni nani kati yenu aliyemwambia maneno hayo?"

Mama aligeuza kichwa.

"Ni yule wa Bukoba," nikasema.

Kaka yangu alifika kesho yake kwa meli, na suti yake ya ofisini na mkungu wa ndizi begani, amechoka, macho mekundu. Alipita katikati ya watu wote, akapiga magoti mkekani, akanyoosha mikono yote miwili kumshika mama. Mama akairudisha mikono yake chini ya kanga. Hakuwa mtu wa kugomba, alikuwa mtu wa kunyamaza, na alimnyamazia mwanawe huyo mpaka siku tuliyomzika mama, miaka tisa baadaye.

Kaka alibaki amepiga magoti pale kwa muda, kisha akainuka, akaja kusimama nami kwenye kona ya nyumba.

"Mama ana nini na mimi?" akaniuliza.

"Ni uchungu tu, kaka," nikamwambia. "Mpe muda."