Dereva Asiyeruka

Madereva wengi wanaosimama kituoni Issuna huruka chini toka kwenye malori kama mbuzi, lakini yule mzee wa lori la saruji hajawahi kuruka. Emiliana, anayewauzia chai na chapati, humtazama kila anapokuja. Mzee hufuta kwanza soli za viatu kwa kitambaa, kisha hugeuka akaipa barabara mgongo, mikono yake mipana ikishika vyuma vya mlangoni, na mguu mmoja hauachi ngazi mpaka mwingine umepata pa kukanyaga. Hashuki na simu mkononi, wala chupa ya maji.

Jumanne moja, tairi la nyuma la lori lake lilishika moto akiwa bado ndani. Watu wakapiga kelele, "Ruka, mzee, ruka!" Yeye akageuka, akashika vyuma, akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Emiliana hakupumua mpaka alipokanyaga ardhi. Ndipo mzee akachomoa ubavuni mwa lori mtungi wa kuzimia moto, akakimbia nyuma na kuuzima.

"Kwa nini hukuruka, baba?" Emiliana akamuuliza.

"Ningevunjika mguu, mwanangu, nani angekimbia?"

Emiliana alimmiminia chai, kikombe kikajaa pomoni. Mzee aliipokea, hakumwaga hata tone.