Bibi Wawili Nyumba Moja

Binti yangu ni fundi wa kompyuta za hospitali. Siku hiyo alikuwa amehamisha mafaili ya wagonjwa kutoka mashine ya zamani kwenda mashine pepe, ile isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa. Mara yanafunguka, mara yanagoma, na bosi ameshamwambia akishindwa aage. Mchana alikuja nyumbani, hakugusa sahani. Roho yangu ilikuwa juu juu.

"Bibi, njoo ule!" niliita.

Mama yangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, akaitika chumbani. Mjukuu wangu, ambaye ni somo wake na tunamwita Bibi pia, akaitika uani.

"Wewe kibibi, ota mvi kwanza!" mama alimtania.

Binti akashtuka. "Mama, ile mashine ya zamani sikuizima! Zote mbili zinaitikia jina moja."

Akapiga simu hospitali, wenzake wakaizima. Alisikiliza kidogo.

"Yanafunguka yote," akasema, akavuta sahani.