Shangazi Aingia Grupu ya Vijana

Picha ilipigwa Sabato moja nikiimba ubeti peke yangu na kwaya ya kanisa, nikiwa kwenye noti ya juu kabisa, macho nimefumba, mdomo umeachama hata kimio kinaonekana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani Nyakoe. Kufikia jioni nilikuwa stika kwenye grupu ya vijana wa kanisa, na chini yangu kumeandikwa: "Nani amefungua choo?"

Nilicheka pamoja nao, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Kesho yake stika zilikuwa tisa. Kwenye moja nilikuwa nameza lori la majani chai. Kisha kijana mmoja akaandika kwamba afadhali nife, kanisa lipumzike, na watu wakaweka vicheko chini ya maneno hayo. Sikucheka tena. Niliacha kuimba, nikaacha kula mbele ya watu, na Sabato iliyofuata nikamwambia mama tumbo linaniuma.

Rafiki yangu wa sauti ya pili kwenye kwaya alinifariji kila siku: "Achana nao, watachoka." Kiongozi wa vijana akaniambia niwaombee. Niliwaombea kweli. Niliomba simu zao zianguke shimoni.

Mwishowe nikaenda Keumbu kwa shangazi, dada ya baba, anayeuza ndizi kando ya barabara. Alinipa kigoda akaniacha nilie mpaka wateja wawili wakaogopa kuuliza bei. Nilipomaliza akauliza:

"Hiyo grupu, mimi naweza kuingia?"

"Shangazi, ni ya vijana."

"Kwani nimesema mimi ni mzee?"

Nilikuwa mmoja wa maadmini, kwa hiyo nikamwingiza. Hakuandika. Alibonyeza kitufe cha sauti, akaishika simu kama mtu anayetaka kuiuma.

"Bwakire, hamjambo watoto wangu. Mimi ni shangazi ya huyu msichana, muuza ndizi wa Keumbu, mnanijua. Nimeuona mdomo. Huo ni wa ukoo wetu. Babu yake aliita ng'ombe kwa huo huo, wakaja kutoka ng'ambo ya mto. Sasa wewe uliyesema afadhali afe. Mama yako na mimi tulilazwa wodi moja ya uzazi. Ulizaliwa na kichwa kirefu hata muuguzi akashtuka. Hakuna aliyekupiga picha. Tulikufunika shuka, tukamwambia mama yako wewe ni mzuri."

Watatu wakatoka kwenye grupu papo hapo. Kijana yule akanipigia akiomba msamaha kwa sauti ya mtu aliyeshikwa sikio. Nilimjibu sawa, ingawa haikuwa sawa. Ilichukua miezi kabla sijaacha kuyasikia maneno yake kila nilipofumba macho.

Shangazi hakuwa amemaliza. Aliitazama ile picha kwa muda.

"Imepigwa kutoka kushoto kwako. Hapo husimama nani?"

Hapo husimama rafiki yangu wa sauti ya pili.

Shangazi alimwita aje kumchukulia mama yake ndizi. Alipofika akaniona kwenye kigoda, akaanza kulia kabla hajaulizwa lolote.

"Nilimtumia mtu mmoja tu," akasema. "Nilitaka kuimba ule ubeti peke yangu, wakakupa wewe. Nikaona tucheke kidogo."

Nilitaka kumrushia ndizi. Shangazi akatazama mawingu.

"Mvua inakuja. Mtagombana mkibeba mikungu."

Tukaanza kuibeba. Kwenye mkungu wa tano hivi akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ile noti uliifikia."

"Najua," nikamjibu.

Hatujarudi kuwa marafiki kama zamani. Tunasalimiana, na siku moja alinitumia ujumbe mrefu ambao nilimjibu siku ya tatu. Kwaya niliirudia baada ya wiki nne.

Shangazi, ambaye ni Mkatoliki, amekataa kutoka kwenye grupu yetu ya Waadventista. Huwasalimu wote kila asubuhi kwa sauti, na asiyeitikia siku mbili, mama yake hupigiwa simu. Tunalalamika sana. Juzi msichana mmoja wa kidato cha pili alinyamaza ghafla, sisi tukadhani ameishiwa na bando. Tulipokuja kujua kilichompata, shangazi alikuwa ameketi jikoni kwao tangu asubuhi, akimenya ndizi na kumsikiliza.