Tulipowasindikiza Watoto Shule

Shangazi wa marehemu mume wangu alifika kwangu Lionja na wajukuu wawili, msichana wa miaka kama tisa na mdogo wake wa kiume. Walikuwa wamekimbia vita Msumbiji, wakavuka Ruvuma kwa mtumbwi. Wazazi wa watoto hawakuvuka. Bibi hakueleza zaidi ya hapo, nami sikumchimba.

Wiki ya pili jirani aliwasha mashine ya kupulizia dawa mikorosho. Kugeuka, nikawaona watoto wamelala kifudifudi uani, msichana kamlalia mdogo wake. Bibi hakushtuka. Aliendelea kumenya muhogo, akaniambia kwa Kimakonde kwamba wataamka wenyewe mashine ikinyamaza.

Niliwapeleka shule. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima, akaniomba vyeti vya kuzaliwa. Nikamweleza walivyotoka kwao. Akasema anaogopa kuulizwa na wakubwa wake, nirudi nikiwa na karatasi. Nilirudi mara mbili, jibu likawa lile lile.

Jumapili, baada ya ibada kigangoni, nililieleza jambo hilo kwa akina mama wenzangu. Mmoja akasema tuandamane. Mwingine akahofia tutaambiwa tumeingia siasa. Tulibishana hadi waumini wote wakaondoka, mwisho tukakubaliana kwenda polisi Nachingwea kuomba ruhusa. Tukaongozwa na mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu ambaye nusu ya vijana wa kijiji walizaliwa mikononi mwake.

Askari wa zamu alitusikiliza, kisha akauliza, "Mnaandamana kumpinga nani?"

"Hatumpingi mtu, mwanangu," mkunga akajibu. "Tunawasindikiza watoto shule."

Akafikiri kidogo, akaenda kuongea na mkubwa wake. Tukaruhusiwa.

Siku ya kuandamana tulikusanyika mbele ya kanisa, akina mama thelathini hivi. Jirani zangu wawili Waislamu walikuja pia. Mmoja alisema ndiye anayetwanga unga wa uji wa watoto hao, sasa abaki nyumbani kwa nini? Tukatembea polepole tukisali rozari kwa sauti ya chini, watoto wakiwa katikati yetu. Watu walitoka madukani kutazama. Msichana alijifunika uso kwa kanga yangu njia nzima. Nilimwona, nikadhani anakwepa jua.

Shuleni tuliketi kwenye majani, hatukupiga kelele. Mwalimu mkuu akatoka, akatuamkia, akarudi ofisini kupiga simu. Mchana alitoka na daftari la uandikishaji, akawauliza watoto majina. Msichana alitaja la kwake kwa sauti ndogo, mwalimu akalikosea mara mbili, naye akamrekebisha. Tulipiga vigelegele hadi wanafunzi wakachungulia kutoka madarasani.

Nilirudi nyumbani na furaha yangu. Bibi alikuwa amekaa barazani. Akanishukuru.

"Kule kwetu," akasema, "walitutoa majumbani wakatutembeza njiani kundi zima, watu wakitutazama. Mngemuuliza mtoto kwanza."

Nilikuwa nimefikiria polisi, mwalimu, siasa na hata mvua. Mtoto mwenyewe sikumfikiria. Nilimfuata msichana jikoni nikamwomba radhi kwa Kimakonde changu kibovu. Aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema, "Kesho nitakwenda mwenyewe." Na kweli, asubuhi alimshika mdogo wake mkono wakaondoka, nami nikajizuia kuwafuata.

Miezi kadhaa baadaye akina mama wa Nanganga, upande wa Ruangwa, walituita. Kwao kulikuwa na watoto wa namna hiyo, wakataka tuwaonyeshe tulivyofanya. Waliomba nije na wale wangu, watu wawaone waguswe. Nilikataa, nikawasimulia maneno ya bibi. Wapo walionuna. Mkunga akapendekeza tuandike barua ya kuomba watoto wapokelewe shule kwanza na karatasi zifuate, kisha tuisome hadharani watu watie sahihi.

Tuliisoma sokoni, siku ya mnada, kwa kibali. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza ufuta akauliza watoto wenyewe wako wapi. Nikamwambia wangu wako darasani, na wa hapa wako kwa walezi wao. Akatutazama, akafuta mikono kwenye suruali, akaomba kalamu atie sahihi. Wengi waliotusikiliza walikuwa wamekwisha kuondoka.