Siku Jiji Lilipokuja kwa Ajili ya Mbwa

Mimi mbwa sikuwapenda. Kwetu Uvira mbwa hulala nje na kula makombo. Sasa mume wangu anarudi kutoka kiwandani Mobeni, kabeba pitbuli mdogo, wale mbwa wakali, ndani ya koti! Nikamwambia, "Baba, hiki chumba cha uani hata sisi hakitutoshi." Akacheka tu. Wezi walikuwa wameshatuingilia, na yeye kazi yake ilikuwa ya usiku. Mbwa akakua, akawa analala mlangoni pangu, na mimi nikaanza kupata usingizi. Jamani, nikampenda. Nasema waziwazi, nilimpenda kama mtu.

Lakini huku ugenini, Umbilo, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa situlii. Watu wetu wakifika hupiga hodi, hata geti likiwa wazi. Anayegonga chuma kwa funguo ni serikali, na serikali kwetu ilikuwa na maana moja: karatasi. Karatasi ya ukimbizi ya mume wangu ilikuwa imeisha muda, na mimi sikuwa na yangu, nilikuwa nimeandikwa humo humo. Kila akienda kuiongezea muda anaambiwa arudi kesho.

Basi Jumatatu mchana, namsuka mteja uani, nikasikia funguo getini: kwa, kwa, kwa! Mume wangu alikuwa amelala. Aliruka kitandani bila shati. "Iko polisi!" Akafungua mlango mdogo wa nyuma, huyoo! Mbwa akadhani wanakwenda kutembea, akamfuata.

Getini alikuwa bwana mmoja wa ofisi ya jiji, mnene, anatokwa jasho. Amekuja kwa ajili ya mbwa, majirani wamelalamika. Akanieleza polepole, nami kwa Kiingereza changu cha saluni nikamwelewa: mbwa wa aina hii sheria inamkazia macho. Tuongeze ukuta, geti lifungwe, na akitoka awe na kamba shingoni na kifuniko mdomoni.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Nilitaka kumkumbatia. Mara mwanamke akapiga kelele barabarani. Tukatoka. Mbwa wetu amesimama katikati ya lami, hana kamba, hana kifuniko, anamtafuta bwana wake. Hakumng'ata mtu. Lakini yule bwana uso ulimbadilika.

"Eish, mama. Sasa nimemwona mwenyewe."

Akamfunga, akampakia garini. Akasema mwenye mbwa aje kumchukua kabla ya Ijumaa kuisha, aje na kitambulisho chake. Asipokuja, mbwa atauawa.

Jioni mume wangu alichungulia mlangoni. "Wamechukua nani?"

"Mbwa! Wewe hakuna hata aliyekutaja! Mtu amekuja kuzungumza habari za ukuta, wewe unakimbia kama umeua!"

Wiki ile sikukaa kitako. Nikianza kupika naacha, nikilala naamka kutazama mlangoni. Kila nilipomwangalia mume wangu nilitaka kumwambia nenda, kisha nikawaza wakimzuia huko itakuwaje, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Ijumaa asubuhi alivaa shati la kanisani na viatu. Akafika getini, akarudi. Akakaa kitandani na viatu vyake, saa zikaenda, hata chai hakugusa. Jua likashuka, ofisi zikafungwa, yeye bado amekaa vile vile. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, haki ya Mungu, yalinijaa mdomoni. Nikayaacha. Nikapiga magoti, nikaanza kumvua viatu.