Mfini wa Kweli Anakuja Lini?

Miaka ile ambayo dunia nzima ilikuwa inakuja Guangzhou, kule China, kununua kitu, mimi nilikuwa nakagua bidhaa za kampuni moja ya Ufini. Ndoo za mbao, kata za kuchotea maji, vipimajoto vya ukutani: vyombo vya sauna, lile bafu la mvuke ambalo Wafini hawawezi kuishi bila yake. Vilitengenezwa kwenye kiwanda nje ya mji. Joto la kule lilikuwa kali, na wafanyakazi waliniuliza kila mara kwa nini mtu mwenye akili zake ajifungie chumbani atafute joto jingine.

Nilizaliwa Tanga. Mama aliolewa na Mfini nilipokuwa na miaka tisa, tukahamia kwao. Baba yangu wa kambo hakuwa msemaji. Kila Jumamosi aliwasha jiko la mawe, tukaingia watatu, akamwaga maji, tukakaa kimya. Jumamosi moja paja langu liligusa kichwa cha msumari kwenye benchi. Ngozi ikaungua, kovu ninalo hadi leo. Hakuniambia pole, Kifini hakina neno linalotosha hapo. Asubuhi yake nilimkuta ameng'oa misumari yote ya benchi lile, anaziunga mbao upya kwa vigingi vya mti. Nami nilielewa.

Kwa hiyo mwenye kiwanda aliponipa sampuli ya kata mpya, sikuhitaji kitabu. Mpini ulikuwa umefungwa kwa skrubu mbili, vichwa nje, pale pale mkono unaposhika.

"Laoban," nilimwambia kwa Kichina, maana wote tulimwita hivyo, bosi, "hii itaunguza watu. Siwezi kuipitisha."

Alikuwa mtu mchangamfu. Alinimiminia chai, akatabasamu. "Sawa, sawa. Mfini wa kweli anakuja lini?"

"Mimi ndiye niliyetumwa."

"Ndiyo, ndiyo. Lakini wa kweli?"

Nilimwonyesha pasi yangu ya kusafiria, ya Ufini. Aliigeuza, akaitazama picha, akanitazama mimi, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kata hakuibadilisha. Nilirudi mara ya pili, nikarudi mara ya tatu. Kila mara chai, kila mara swali lile lile.

Siku hizo nilikuwa nakula mchana kwenye jengo la Tianxiu, walikojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, kwa dada mmoja wa Dar es Salaam aliyesafirisha mizigo na kupika wali ofisini kwake. Nilimsimulia.

"Na wewe unang'ang'ania nini, mdogo wangu?" alisema. "Mwambie wewe Mtanzania, yaishe."

"Hapa kwenu mnaniita mzungu wa Tanga."

"Si unanyamaza mno! Mteja akiingia hapa akikukuta, anadhani umefiwa."

Alicheka, akaniongezea mchuzi. Mimi nilikuwa nimechoka, hata kucheka sikuweza.

Wakati wa maonyesho ya biashara, kampuni ilimtuma mkubwa wangu kutoka Ufini, mzee wa miaka sitini hivi, mrefu, mkimya. Nilimpeleka kwenye kumbi za maonyesho za Pazhou, kwenye kibanda cha laoban. Laoban alimpokea kama mkwe. Mzee aliichukua kata, akapitisha kidole gumba juu ya skrubu, akasema neno moja la Kifini.

"Amesema haifai," nikatafsiri. "Itaunguza mkono."

"Ah!" Laoban alijipiga paji la uso. "Umeona? Huyu ndiye anayejua! Kesho nitabadilisha."

Wafanyakazi wake walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Nilisimama pale nikiwa nimetafsiri maneno yangu mwenyewe.

Kwenye treni ya chini ya ardhi mzee alikaa, mkoba mapajani. Vituo vitatu vikapita.

"Kwa nini hukumwambia mapema?" aliniuliza.

"Nilimwambia mara tatu. Anamngoja Mfini."

Akanyamaza. Nilijua kunyamaza kwa Wafini kuna aina nyingi, na nilijaribu kutambua huku ni kupi. Treni ikapita chini ya mto, watu wakashuka, wengine wakajazana. Nilitaka anikasirikie, au amkasirikie laoban, au aseme lolote ambalo mama yangu angelisema kwa sauti behewa zima lisikie.

"Sikujua," alisema hatimaye. Baadaye, mlangoni pa hoteli: "Nimechoka."

"Na mimi," nikajibu.

Asubuhi alinikuta mapokezi, mkononi ana karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza kibovu: hakuna sampuli itakayopita bila sahihi yangu, hata yake yeye haitoshi. Tulirudi Pazhou. Akaiweka mezani kwa laoban, akanionyesha mimi kwa kiganja kilichofunguka, akakaa nyuma yangu. Saa nzima hakufungua kinywa. Laoban alimtazama, akamtazama tena, kisha akanigeukia mimi na kuanza kuuliza habari za mipini.

Nilidhani nitafurahi, lakini nilisikika kwa kuwa yeye alikaa nyuma yangu. Nilijibu maswali yote, nikatia sahihi, nikamsindikiza mzee uwanja wa ndege, nikarudi chumbani kwangu jua likiwa bado kali. Nilivua viatu, nikalala hadi kesho yake.